Barua Iliyokatika Pembe

Mzee Gurnam ndiye mtu pekee aliyewahi kunisifu kwa sababu sielewi kitu. Wengine wote hunisema kwa hilo hilo.

Karakana yake na yangu zinatenganishwa na ukuta mmoja, hapa Hockley, Birmingham, ghorofani, juu ya jamaa anayeng'arisha vikombe vya michezo. Yeye hupachika vito kwenye pete. Mimi hupunguza suruali, hubadilisha zipu, na hupanua magauni ya harusi ya watu waliojidanganya kwamba watakonda. Nilipohamia pale na cherehani zangu mbili, nikitokea Uholanzi, alinisikia nikimgombeza ndugu yangu kwenye simu kwa Kiswahili. Akangoja mlangoni, na kilemba chake cha bluu, mpaka nikamaliza kugomba.

"Wewe ni wa Garissa ama Eastleigh?" akauliza.

"Nimezaliwa Garissa, nikalelewa Eastleigh. Na wewe, Mzee?"

"Nakuru. Karibu na stesheni."

Basi ikawa hivyo. Miaka tisa sasa, saa nne asubuhi yeye huleta chai yenye tangawizi ya kumtoa mtu machozi, mimi hutoa mandazi, na tunapiga soga kwa Kiswahili huku Waingereza wa chini wakidhani tunagombana.

Ana miaka sabini na sita na hataki kusikia habari ya kustaafu. Mkewe alifariki zamani kidogo, watoto wako London, na amebaki na pete za watu. Husema pete haidanganyi. Huishika chini ya kioo chake cha kukuzia, akakwambia huyu bwana huivua kila siku, huyu bibi hajaivua tangu avalishwe, hawa wawili wamepigana na pete ikarushwa ukutani. Siku ya kwanza nilimwomba asiangalie mkono wangu. Akasema hakuna cha kuangalia, alama ya pete imeshafutika. Nikamchukia kwa dakika tano.

Sasa, udaku ni ugonjwa, na mimi sijawahi kupata dawa yake. Kwa hiyo Jumatano ile ya Februari alipoingia bila chai, nilijua kuna jambo. Nikazima cherehani.

"Istahil, unajua kusoma Kiarabu?"

"Kusoma najua, Mzee. Kuelewa ni habari nyingine. Nilikaa chuoni kwa maalim miaka sita, Qur'ani naisoma mpaka mwisho, lakini ukiniuliza aya hii inasema nini nitakwambia ngoja nitafute tafsiri."

Uso wake ukang'aa. "Vizuri sana. Hiyo ndiyo nataka. Husikii hata neno moja?"

Ndipo aliponisifu. Akatoa mfuko wa plastiki, na ndani yake karatasi moja ya rangi ya chai iliyomwagika, imekunjwa mara nyingi mpaka mikunjo imekaribia kuwa matundu. Maandishi yalikuwa ya herufi nizijuazo, ila yameinama yote upande mmoja, na mengine yalikuwa na nukta na vijimkia ambavyo maalim wangu hakuwahi kunionyesha.

"Hii ni Kiurdu," nikasema.

"Maneno ni ya Kipunjabi, kile cha kwetu kijijini. Karani aliandika kwa herufi za Kiurdu. Zamani jeshini ndivyo walivyoandika."

"Mzee, hapa Birmingham wanaosoma Kiurdu ni wengi kuliko vituo vya basi. Muulize yule muuza vitambaa hapo chini. Ama piga picha, simu ita-translate."

"Hapana. Wao watajua kabla yangu." Akavuta kiti. "Mimi herufi hizi sizijui, sisi tulifundishwa zetu za Gurmukhi. Lakini ukinisomea kwa sauti, nasikia kila kitu. Wewe unasoma huelewi. Mimi naelewa sisomi. Tukiungana tunapata mtu mmoja mwenye akili timamu."

Nilicheka, kisha nikaona yeye hacheki. Nikamwuliza ni barua ya nani.

Iliandikwa Ufaransa mwaka 1917, akaniambia, na askari wa farasi aliyetoka Punjab na kikosi chake kupigana vita vya Wazungu. Askari huyo ndiye aliyekuwa mume wa Bibi yake, mama mzaa baba.

"Kumbe ni ya babu yako."

"Ya kaka wa babu yangu," akasema, akatazama dirishani.

Nilielewa mara moja. Kwetu Wasomali desturi hiyo ipo na ina jina, dumaal: mume akifa, ndugu yake humchukua mjane. Khaltu yangu mmoja, ndugu wa mama yangu, alichukuliwa hivyo. Kwao Punjab, alinieleza, jamaa hukaa, shuka la ndugu hutandazwa juu ya kichwa cha mjane, na basi, ameolewa.

Nikaigeuza karatasi. Pembe moja ya juu haikuwepo, imeondoka na kipande cha mstari wa kwanza. "Panya?" nikauliza.

Hapo Mzee Gurnam akanisimulia, na nitayasema kama alivyoyasema, kwa sababu kila kitu kimekaa juu ya pembe hiyo. Kwao, barua ya msiba huchanwa pembe kabla ya kutumwa, ili anayeipokea ajue habari mbaya hata kabla ya kusoma. Barua hiyo haiingizwi ndani ya nyumba. Husomwa nje, ikachanwa vipande, ikatupwa. Basi siku hiyo, karibu na Diwali, sikukuu yao ya taa, mtu wa posta aliileta barua hii uani, baba mkwe akaiona pembe, wanawake wakaangua kilio. Nyumbani hakuna aliyejua kusoma. Mwalimu wa kijiji alikuwa safarini. Baba mkwe akasema kusoma nini tena, pembe imeshasema, akaitupa jalalani. Bibi aliiokota, sijui kwa nini, akaificha ndani ya mto wa kulalia. Kabla majira ya baridi hayajaisha, akafunikwa shuka la shemeji yake.

"Mwezi wa tatu," Mzee Gurnam akaendelea, "ikaja karatasi ya serikali. Mwalimu akaisoma. Ikasema mume wake ameuawa tarehe fulani. Bibi hakwenda shule, lakini siku alijua kuhesabu. Tarehe hiyo ilikuwa wiki mbili baada ya Diwali."

Nikaiweka karatasi chini taratibu. "Mlimlilia kabla hajafa."

"Walimlilia akiwa mzima. Sasa niambie, Istahil: mtu mzima anaandika nini kwenye barua iliyochanwa pembe?"

Swali hilo Bibi aliliuliza nyumbani mara moja tu, akaambiwa anyamaze. Miaka michache baadaye mume wake wa pili alipata kazi ya reli, wakaenda Kenya, na barua ikaenda nao ndani ya mto. Nakuru waliojua kusoma walikuwa marafiki wa mume, angewapaje? Mwaka 1966, akiwa anaumwa kifo chake, alimpa Gurnam, kijana wa miaka kumi na minane, akamwapisha: tafuta mtu wa kuisoma, kisha uje uniambie hata kama nimekufa. Gurnam akaapa, na kwa miaka hamsini na minane hakufanya lolote.

"Kwa nini, Mzee?"

"Niliogopa isije ikanikana," akasema. Sikumwelewa, na hakunieleza.

Kilichomsukuma sasa ni dada yake, Mama Jasbir, anayeishi Northfield, hapa hapa mjini, mwenye miaka themanini na sita na moyo uliochoka. Huyo amelaumu barua hiyo kwa kila baya lililowapata tangu Nakuru: kufukuzwa kazi kwa baba, kifo cha mke wa Gurnam, mpaka moyo wake mwenyewe. Alikuwa amempa ndugu yake amri. Siku ya Vaisakhi, sikukuu yao ya mavuno katikati ya Aprili, karatasi ya msiba ichomwe, ili yeye afe na ukoo usio na mkosi. Zilikuwa zimebaki wiki tisa.

Tulianza Jumatano iliyofuata. Nilinunua bango la herufi za watoto kwenye duka la vitabu, nikajifunza zile ngeni usiku huo huo, tena kwa wivu, maana mtoto wa miaka mitano alikuwa ananishinda. Kila Jumatano baada ya kazi tulikaa chini ya taa yake ya kupachikia vito. Yeye alishika kioo cha kukuzia, mimi nikafuata herufi kwa ncha ya sindano bila kugusa karatasi. Kazi ilikuwa ngumu, wasikudanganye. Karani yule hakuandika irabu, na mwandiko wake ulikuwa wa mtu aliyewekwa chini ya mvua. Nilisoma neno hivi, nikalisoma vile, nikalisoma kwa namna ya tatu, mpaka Mzee akanyanyua kidole kama mtu aliyesikia mlango ukibishwa. Hapo tukavuka neno moja.

Mara moja moja nilikutana na neno ninalolijua. Dunia. Habari. Wakati. Nilikuwa nafurahi kama mtu aliyeona jamaa yake kwenye basi, kisha jamaa anashuka na mimi nabaki na wageni.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Basi mimi ndiye niliyekuwa kata, niliingia mtungini kila Jumatano, nikatoka mkavu. Unajua mateso hayo? Nilikuwa natamka siri ya watu kwa mdomo wangu mwenyewe, na uso wa Mzee Gurnam ndio ulikuwa tafsiri yangu yote. Salamu za mwanzo zilimfanya atikise kichwa. Kitu fulani cha matope kilimfanya asikitike, hicho alinidokeza.

Jumatano ya tano nilisoma mstari mmoja, nikaurudia, na Mzee akaanza kucheka. Alicheka mpaka kioo kikamtoka jichoni, akapiga meza, pete zikaruka. "Farasi!" akasema. "Istahil, ni farasi!" Nami nikacheka kwa kuambukizwa. Halafu kicheko kikageuka katikati, sijui vipi, na nikaona mzee mzima analia, ndevu zake zote zimelowa.

"Endelea," akasema.

Nikasoma mistari mitano iliyobaki. Alinirudisha kwenye mistari hiyo mara nne. Nilipofika mwisho, aliitoa karatasi mikononi mwangu taratibu, akairudisha kwenye plastiki, akasema ahsante, mama, na akaniomba radhi kwamba angetaka kufunga.

Wiki nzima hakuleta chai. Wiki ya pili pia, na ya tatu. Nilikuwa namsikia ng'ambo ya ukuta, kijinyundo chake kikigonga kidogo, kikinyamaza muda mrefu. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshahifadhi ile mistari mitano. Ukirudia kitu mara nne mbele yangu hakitoki tena, chuoni ndivyo tulivyofunzwa. Siku moja yule muuza vitambaa wa chini alikuja kuchukua koti lake. Mtu wa Lahore, Kipunjabi ndicho alichonyonya kwa mama yake. Nilifungua mdomo. Neno la kwanza lilikuwa tayari kwenye ulimi, na ningemaliza kiu yangu kwa nusu dakika. Nikafikiria yule mwanamke aliyeficha karatasi kwenye mto miaka yote ile asipate wa kumwamini. Nikafunga mdomo, nikamwambia yule bwana kwamba bitana imekaa vizuri. Sijawahi kujivunia kitu kama nilivyojivunia kunyamaza kule. Pia niliumwa kichwa siku nzima.

Ijumaa kabla ya Vaisakhi Mzee Gurnam akabisha, chai mkononi.

"Jumapili tunakwenda Northfield," akasema. "Bhenji, dada yangu, lazima asikie. Na wewe ndiye utasoma. Nikisema mimi kwa mdomo wangu, atasema nimetunga."

"Mzee, nitasoma. Lakini safari hii siendi kipofu."

Akakaa. Akaniambia yote, kwa Kiswahili, taratibu, macho kwenye kikombe. Sikuweza kumalizia mandazi yangu.

Mama Jasbir alitupokea kwenye mlango wa jikoni, na hakutupokea. Alikuwa amekaa kwenye kiti ndani, blanketi magotini, mkongojo umelazwa kizingitini kama kizuizi cha polisi. "Shikamoo, Mama," nikasema. Akaitikia marahaba vizuri tu, kwa Kiswahili cha Nakuru, kisha akanielekeza kidole. "Wewe karibu. Hiyo karatasi hapana. Hiyo kitu haiingii nyumba yangu."

Basi tulisimama nje, mimi na Mzee Gurnam, katikati ya mapipa ya taka na kamba ya kuanikia nguo, mvua nyembamba ikinyesha. Yeye akanifunika kwa mwavuli, mimi nikaifunika barua kwa kifua. Nikamwuliza Mama Jasbir kama yuko tayari. Akasema aliye tayari kusikia msiba ni nani, wewe soma tuichome.

Nikasoma. Salamu kwa baba, salamu kwa mama, matope. Mkono wa Mama Jasbir ulikuwa umeshikilia blanketi na uso umekaza. Kisha nikaufikia ule mstari wa farasi, ambao sasa niliujua kwa Kiswahili:

"Baba, atakayekusomea aanze na hili: mimi ni mzima. Pembe ya karatasi imeliwa na farasi wangu. Karani alikuwa ameiweka magotini kwangu nitie alama ya kidole, na huyu mwizi akanyoosha shingo. Nimeomba karatasi nyingine, karani amesema kila mtu ana moja tu. Mwambieni mama upesi kabla hajaiona."

Mama Jasbir alifungua mdomo. Akamtazama ndugu yake, akasema kitu kwa Kipunjabi, nikasikia ghora, farasi, na Mzee akaitikia kwa kichwa.

"Farasi alikula?" akaniuliza mimi, kwa Kiswahili, kana kwamba nilikuwepo.

"Ndivyo ilivyoandikwa, Mama."

"Na sisi tukalia?"

"Bado kuna kidogo," nikasema. Nikasoma ile mistari mitano:

"Neno la mwisho. Huku watu wanakwisha kila siku. Nikiisha na mimi, mke wangu asifunikwe shuka la ndugu yangu mpaka aulizwe. Mama ndiye amwulize, wanaume wasiwepo, na apewe siku za kufikiri. Akisema anataka kurudi kwa baba yake, mpandisheni gari la ng'ombe, na mtu yeyote asimtolee neno baya njiani."

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye kamba ya nguo. Mimi niliachika, wote wanaonijua wanajua, na ndoa ile sitaki kuikumbuka. Lakini niliulizwa. Baba yangu alimtuma mama yangu chumbani, nikaulizwa, nikasema ndiyo kwa ulimi wangu mwenyewe. Sikuwahi kudhani hicho ni kitu cha kushukuru mpaka nilipokuwa nimesimama pale kwenye mvua.

Mama Jasbir ndiye aliyesema kwanza, na alisema kwa hasira. "Wangeisoma, wewe na mimi hatupo."

"Hatupo," Mzee Gurnam akakubali. Sasa nikaelewa alichokuwa anakiogopa. "Miaka yote hii naogopa kusikia hivyo, Bhenji. Sasa nimesikia. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini Bibi angekuwa kwao."

Dada yake alitazama mikono yake, akiigeuza. Kisha akaanza kuzungumza na mimi, si na ndugu yake, nadhani kwa sababu mimi ni mwanamke, au kwa sababu mimi ni mgeni.

"Mimi ndiye nilimwosha Bibi mwisho. Nakuru. Nywele zake zilikuwa mpaka hapa. Siku zote, mama, kila nikimwosha nywele, alisema neno moja tu: hakuna mtu aliniuliza. Hakuna mtu aliniuliza. Mimi nilifikiri ni habari ya chakula. Nilifikiri anataka aulizwe atakula nini. Basi nikawa namwuliza, Bibi, leo wali au roti? Yeye ananitazama tu." Akafuta macho kwa ncha ya shali, kwa nguvu, kama mtu anayefuta meza. "Alikuwepo mmoja aliyesema aulizwe. Alisema, ikaandikwa, ikafika mpaka uani. Na Bibi alikufa bila kujua."

Mzee Gurnam alikuwa analia waziwazi, mwavuli umeinama, na mvua yote ilikuwa inaniangukia mimi. Sikujali. Nami nilikuwa nalia.

Mama Jasbir akainama, akauondoa mkongojo kizingitini. "Ingieni," akasema. "Ingieni na hiyo karatasi."

Tukaingia. Alinishika mkono, akanipeleka polepole sebuleni, hatua moja moja, mpaka mbele ya picha ya mwanamke mzee iliyotundikwa juu ya hita, mtandio mweupe kichwani, macho yametazama pembeni ya kamera. Ndugu yake akataka kumkalisha, akakataa. Akaniachia mkono.

"Sisi tumeshasikia," akasema. "Msomee yeye."

Nikaikunjua barua, nikamgeukia Bibi, nikaanza tangu salamu.